Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Barua mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika ilipata alama 17 kati ya 20. Barua hiyohiyo, kabla haijafika mezani kwa mwalimu, ilikuwa imemgharimu shangazi yangu shilingi 760,000 za Tanzania. Naandika insha hii kueleza jinsi mambo hayo mawili yalivyowezekana, na kudai kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda, pamoja na wahadhiri wetu, tuache kufundishana barua ya kibiashara kana kwamba ni dua ya kukaririwa. Barua ya kibiashara inatumwa ikafanye kazi. Kama msomaji akimaliza kuisoma hajui atoe nini, ampe nani na lini, basi barua hiyo haijaandikwa, hata kama anwani zake mbili zimenyooka kama zilizopigiwa rula.

Shangazi yangu, ambaye nyumbani tunamwita senga, anauza mchele Masaka. Mchele wenyewe hutoka Tanzania na kupitia mpaka wa Mutukula. Mwaka juzi aliagiza magunia 80 ya kilo 50 kutoka kampuni moja ya Kanda ya Ziwa, kwa shilingi 95,000 za Tanzania kila gunia. Alilipa zote, shilingi 7,600,000, kabla lori halijaondoka. Usafiri hadi Masaka ulikuwa juu ya muuzaji. Lori lilipofika, magunia yalihesabiwa yakawa 74. Kati ya hayo, 8 yalikuwa yamelowa na mchele wake umeanza kutoa uvundo. Dereva aliandika 74 kwa mkono wake kwenye hati ya makabidhiano, akatia sahihi, akageuza lori.

Senga alipiga simu mara tatu. Kila mara alijibiwa kwa upole, "Tunalishughulikia, mama." Siku ya tatu akaniita. "Wewe si ndiye unayesoma Kiswahili? Basi waandikie hawa watu barua." Akanitajia maneno ya kuandika, nami nayanukuu kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake cha sokoni na mpakani: "Andika hivi. Mimi nililipa gunia themanini. Ilifika sabini na nne. Nane imelowa, watu hawawezi kula. Nataka hela yangu ama mchele yangu. Wajibu hii wiki. Wakikataa, sinunui tena kwao."

Nilicheka. Nilicheka upatanisho wa kisarufi, "gunia ilifika", "mchele yangu". Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitayaweka maneno yake katika Kiswahili sanifu. Nikaketi, nikamsahihisha. Baada ya anwani, hii ndiyo barua iliyotoka mkononi mwangu:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU BIDHAA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kubwa kuchukua fursa hii adhimu kukuandikia barua hii, nikiwa na matumaini kwamba wewe pamoja na wafanyakazi wote wa kampuni yako tukufu hamjambo. Awali ya yote, napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa ushirikiano mwema ambao umekuwepo baina yetu kwa muda mrefu. Hata hivyo, imebainika kwamba katika shehena iliyowasili hivi karibuni kumekuwepo na upungufu wa hapa na pale pamoja na hali isiyoridhisha ya baadhi ya bidhaa. Ni matumaini yangu kwamba suala hili litapewa uzito unaostahili. Natanguliza shukrani. Wako mtiifu."

Senga aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akauliza, "Umeandika nane?" Nikamjibu kwamba katika barua rasmi mambo husemwa kwa staha. Akatia sahihi, maana msomi nilikuwa mimi. Barua tukampa utingo wa lori lililokuwa linarudi Tanzania, bila nakala na bila mtu wa kuipokea kwa jina. Juu ya bahasha niliandika "Mkurugenzi Mkuu".

Miezi miwili ikapita kimya. Nilipopiga simu mwenyewe, karani wa kampuni ile alinijibu bila ubaya wowote: "Barua yenu tuliipata. Niliisoma nikaona mnatushukuru, nikaiweka kwenye faili la wateja." Hapo ndipo nilipomwomba senga ankara, nikaigeuza, na nyuma yake nikasoma maandishi madogo ambayo ningepaswa kuyasoma kabla ya kushika kalamu: malalamiko yapokelewe kwa maandishi ndani ya siku 7, yakitaja namba ya ankara na idadi ya magunia yenye kasoro.

Ndipo nikaandika barua ya pili. Niliiandika kwa kumkumbuka senga, si kitabu cha kiada:

"YAH: ANKARA NAMBA 0412 – MAGUNIA 6 HAYAKUFIKA, MAGUNIA 8 YALILOWA. Ndugu Meneja wa Mauzo, Tulilipia magunia 80 ya mchele kwa ankara iliyotajwa hapo juu. Yalifika 74, kama dereva wenu alivyoandika kwenye hati ya makabidhiano (nakala imeambatishwa). Kati ya hayo, 8 yalikuwa yamelowa na hayauziki (picha zimeambatishwa). Tunaomba mturudishie shilingi 1,330,000, yaani bei ya magunia 14, au mtuletee magunia 14 pamoja na oda yetu ijayo. Tafadhali tujibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo ili tujue kama tuagize kwenu tena. Tunathamini biashara yetu nanyi na tungependa iendelee. Wenu, ..."

Majibu yalikuja baada ya siku sita. Kampuni ilikubali kulipa magunia 6 ambayo hayakufika, kwa sababu hati ya dereva wao ilionyesha 74. Kuhusu magunia 8 yaliyolowa, ilikataa. Sababu yao, na siwezi kuipinga, ilikuwa kwamba barua yetu ya kwanza ilifika ndani ya siku 7 lakini haikutaja idadi ya magunia yaliyoharibika wala namba ya ankara, na barua ya pili imechelewa. Magunia 8 kwa shilingi 95,000 ni shilingi 760,000. Hiyo ndiyo bei kamili ya maneno "hali isiyoridhisha ya baadhi ya bidhaa". Senga alikuwa amenitajia nane kwa mdomo wake. Mimi ndiye niliyeifuta.

Muhula uliofuata tulipewa zoezi la kuandika barua ya kulalamikia bidhaa. Nilichukua barua yangu ya kwanza, nikabadilisha majina, nikaikusanya. Nilitaka kuona. Alama tatu nilizokosa zilikatwa kwa sababu sikupigia kichwa mstari na niliweka nukta mahali pa mkato kwenye anwani. Pembeni iliandikwa "Lugha nzuri, hongera". Hakuna mahali palipoulizwa: bidhaa gani, ngapi, za lini, na mwandishi anataka nini? Simlaumu aliyesahihisha. Alikuwa na rundo la karatasi na mwongozo wa kusahihishia, naye aliufuata kwa uaminifu. Naulaumu mwongozo, na nailaumu desturi yetu sote ya kuuona mwongozo huo kuwa ndio Kiswahili.

Tuutazame basi huo mtindo tunaoulinda, maana sisi ni wanafunzi wa lugha na hatuna udhuru wa kutumia maneno tusiyoyapima. "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kitenzi hiki kiko katika hali ya kuamuru. Tunamwamuru mtu tusiyemjua ahusike, tena na kichwa alichokwisha kukisoma sekunde mbili zilizopita. Kisha mwishoni tunajiita watiifu wake. Mtiifu gani huyu anayeanza kwa amri? Na kama kichwa kinasema jambo lenyewe, sentensi hiyo haina kazi. Kama kichwa hakisemi jambo, kama kile changu cha "Malalamiko kuhusu bidhaa", basi hata kuamriwa hakutamsaidia msomaji ahusike nacho.

"Kwa heshima na taadhima." Taadhima ni heshima. Tumemheshimu mtu mara mbili kabla ya kumwambia lolote. "Imebainika kwamba kumekuwepo na upungufu." Imebainika na nani? Upungufu wa kiasi gani? Kauli hii ya kutendeka ni pazia. Ofisi inapotaka kuficha aliyekosea huitumia kwa makusudi. Lakini sisi tuliodhulumiwa tunaitumia dhidi yetu wenyewe, tunamfichia muuzaji kosa lake na kumpa njia ya kutokea. "Ni matumaini yangu kwamba suala hili litapewa uzito unaostahili." Uzito unaostahili ni kilo ngapi? Katika biashara ya mchele, uzito una mizani.

Hata "wako mtiifu" lina asili yake. Katika utumishi wa Waingereza, ofisa alimalizia barua yake kwa kujiita mtumishi mtiifu wa yule aliyemwandikia. Watawala waliondoka, na utiifu ukabaki kwenye madaftari yetu. Senga si mtiifu wa kampuni ile. Ni mteja wake. Ameilipa.

Najua nitakachoambiwa, na ni haki nikijibu hoja kwa hoja.

Hoja ya kwanza ni ya adabu. Nitaambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya salamu na staha, na kwamba ninataka kuleta ukavu wa kigeni. Naiheshimu hoja hii kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakwenda nayo hadi pwani kwenyewe. Barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana ni za mwanzoni mwa karne ya 18. Ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikatoka pande za Kilwa, na zikahifadhiwa Goa, nchini India, katika nyaraka za Wareno. Waandishi wa pwani hawakuwa bahili wa salamu. Lakini katika utamaduni huo wa barua kulikuwa na mlango unaojulikana: salamu zikishakwisha, mwandishi huandika "ama baadu", yaani "na baada ya hayo", kisha huingia katika jambo lake. Baada ya hapo msomaji anajua salamu zimekwisha na shughuli imeanza. Sisi tumechukua salamu tukauacha mlango. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ukumbi mtupu: mgeni amekaribishwa, amesifiwa, amehojiwa afya, na hakuna aliyemwambia ameitiwa nini.

Isitoshe, adabu haimo katika wingi wa maneno. Kumwandikia mtu kwa cheo chake sahihi ni adabu. Kumwekea nakala ya hati ili asipekue makabati ni adabu. Kumweleza kosa bila kumtukana, kumpa njia mbili achague moja, na kumwambia kwamba bado ungependa kufanya naye biashara, zote hizo ni adabu, na zimo katika barua ya pili. Kumchosha karani kwa kurasa mbili za sifa ili atafute mwenyewe nilichotaka ni dharau iliyovaa kanzu.

Hoja ya pili husema kwamba muundo ndio unaotahiniwa, na mtahini hawezi kupima mengine. Kwanza, muundo una faida na sipendekezi tuutupe. Anwani ya mwandishi, anwani ya mwandikiwa, tarehe, kumbukumbu namba, kichwa, sahihi, nakala kwa: kila kimoja kina kazi katika ofisi. Tarehe ndiyo inayohesabia siku 7. Kumbukumbu namba ndiyo inayomwezesha mtu wa masijala kuliona faili husika bila kuuliza. Kwa bahati mbaya tunafundishwa mahali pa kuviweka na hatufundishwi kazi yake. Tuliwahi kubishana kipindi kizima kama kichwa kitanguliwe na YAH, KUH au MINT, maana vitabu vyetu vingine hutoka Kenya na vingine Tanzania. Hatukutumia hata dakika tano kuuliza kichwa kiseme nini. Mtu anayepokea barua 30 kwa siku hasomi YAH wala MINT, anasoma kinachofuata. "Malalamiko kuhusu bidhaa" atakiweka kando. "Magunia 6 hayakufika" atakipeleka ghalani.

Pili, si kweli kwamba kazi ya barua haiwezi kupimwa. Ni rahisi kuipima kuliko "lugha nzuri". Mpe mtu asiyejua kisa chochote, ampokee mwanafunzi barua yake, kisha aulizwe: nani anadai, anadai nini, kiasi gani, kwa ushahidi upi, na kufikia lini? Akiweza kujibu yote bila kupiga simu, alama zitolewe. Asipoweza, mkato wa kwenye anwani hautaiokoa barua.

Hoja ya tatu ni ya wenzangu vijana: nani siku hizi anaandika barua? Kuna simu, kuna WhatsApp. Senga alikuwa na simu. Aliipiga mara tatu, akajibiwa vizuri mara tatu, na mwezi wa pili hakuna aliyekumbuka maneno hayo. Sauti haina muhuri. Siku biashara inapokwenda vizuri, simu inatosha kabisa. Siku inapoharibika, swali la kwanza ni "mliandika?" na la pili ni "lini?" Ndiyo sababu maandishi madogo nyuma ya ankara yalidai maandishi. Barua inaweza kusafiri kama kiambatisho cha barua pepe, au ikapigwa picha ikatumwa kwa WhatsApp. Chombo si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba ndani ya chombo hicho pawe na kitu.

Na hapa nizungumzie kutuma, kwa kuwa darasani barua huishia kwenye sahihi, kana kwamba bahasha hujipeleka. Barua yangu ya kwanza ilikuwa mbovu, lakini hata ingekuwa njema, nilivyoituma kungeiua. Niliielekeza kwa Mkurugenzi Mkuu kwa sababu kitabu kilitumia Mkurugenzi Mkuu, wakati mtu mwenye uwezo wa kuamua kuhusu magunia ni meneja wa mauzo na mwenye pesa ni mhasibu. Sikubaki na nakala. Sikumpa utingo daftari ambalo mpokeaji angetia sahihi, kwa hiyo kama karani asingekuwa mkweli, nisingeweza hata kuthibitisha kwamba barua ilifika. Barua ya pili niliituma kwa barua pepe pamoja na hati zake, na ya karatasi nikaipeleka kwa basi kama kifurushi, nikapewa risiti. Kesho yake nikapiga simu, si kulalamika, bali kuuliza kama imefika na imeangukia meza ya nani. Nikaandika jina la aliyenijibu na saa. Mambo haya hayahitaji shahada. Kila karani wa mpakani anayajua. Ni sisi wenye shahada tusioyajua.

Hoja ya nne ndiyo inayoniuma, na huja kutoka nje ya idara yetu: barua ya maana huandikwa kwa Kiingereza. Hapa Uganda hoja hiyo ina nguvu kwa sababu ofisi zetu zinafanya kazi kwa Kiingereza. Lakini mwangalie senga. Anaandika kwa watu wa Kanda ya Ziwa ya Tanzania, ambako ankara, ghala, lori na mabishano yote huendeshwa kwa Kiswahili. Barua ya Kiingereza ingefika kwa karani huyohuyo, ikasubiri mtu wa kuifafanua, na siku 7 zingekwisha. Mwangalie pia mfanyabiashara wa Kigali au Bujumbura, ambaye mzigo wake hupitia bandari ya Dar es Salaam, na wa Bukavu au Goma, ambaye nchi yake ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wengi wao walisomea Kifaransa. Wakitaka kumwandikia muuzaji wa Kigoma au Mwanza bila mkalimani, lugha iliyobaki ni hii yetu. Kiswahili cha biashara cha eneo hili hakisubiri kuzaliwa. Kipo, kinasemwa kila siku kwa kilo na kwa shilingi. Kinachokosekana ni watu wa kukiandika ili kidai na kilipwe.

Sisi tulipaswa kuwa watu hao. Tunajivunia kwamba Katiba yetu ya 1995, iliporekebishwa mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Tunajivunia kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, na kwamba UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai. Kila mwaka siku hiyo tunavaa vitenge, tunaghani mashairi, tunapiga picha. Sina ugomvi na sherehe. Lakini muulize mwenye duka wa Masaka Kiswahili kimemfaa nini kwa maandishi, atakuonyesha barua yangu. Kwa miaka mingi watu wa hapa wamekiita Kiswahili lugha ya askari na ya wezi. Hatutaifuta sifa hiyo kwa vitenge. Itafutika siku barua ya Kiswahili itakapotoka Masaka na pesa zikarudi.

Kwa hiyo natoa mapendekezo, nayo si mzigo mkubwa kwa idara yoyote.

Kila zoezi la barua ya kibiashara liwe na kisa chenye tarakimu: bei, idadi, tarehe, namba ya ankara, sharti moja lililofichwa nyuma ya hati. Mwanafunzi asiyelisoma sharti hilo akose alama, kama senga alivyokosa pesa. Nusu ya alama ziende kwa swali moja tu: je, mpokeaji anaweza kutenda bila kuuliza? Nusu nyingine igawanywe kati ya muundo na sarufi, ambazo bado zina thamani yake.

Kila mwanafunzi, kabla ya kumaliza kozi, atume walau barua moja ya kweli ya Kiswahili kwa mtu halisi mwenye shughuli halisi: kuulizia bei, kuagiza, kulalamika, kudai, au kukiri kosa na kuomba muda. Aweke nakala, ushahidi wa kupokelewa, na majibu. Kama hakujibiwa, aandike ukumbusho. Ukimya nao ni somo, na darasa zima linaweza kuuchambua kwa faida kuliko mjadala mwingine wa YAH na KUH.

Na tualike wasahihishaji ambao hatujawahi kuwaalika: makarani wa maghala, mawakala wa forodha wa Mutukula, akina mama wanaouza mchele. Wengi wao watatuambia "gunia ilifika". Tuwasahihishe upatanisho, wao watusahihishe mengine. Sioni ni upande upi utakaotoka na deni kubwa zaidi, ila upande wangu naujua.

"Husika na kichwa cha habari hapo juu" tuizike. Wanaoipenda waende nayo makaburini waisomee hitima. Mahali pake tuandike jambo.

Senga hakuniambia neno baya. Alipopokea shilingi 570,000 za magunia 6, alizihesabu mara mbili, akaniuliza kama kuna nyingine zinakuja. Nikamwambia hapana. Akanyamaza, kisha akasema, "Siku ile nilikuambia nane." Tangu hapo ananipa barua zake zote niandike, lakini kwanza ananitajia maneno yeye mwenyewe, na ninapomaliza huchukua kalamu na kuhesabu kwa kuzipigia mstari tarakimu zote alizozitaja. Ikikosekana moja, hatii sahihi.

Huo ndio mwongozo wa kusahihishia ninaouomba.